Shibiri Moja

Kamati imenituma nipime kanisa kabla halijavunjwa.
Nina utepe wa mita thelathini, penseli,
na fomu ya safu saba.
Safu ya mwisho imeandikwa: Thamani.

Ruthimitu, asubuhi. Ukungu wa Julai
umeketi juu ya bati kama kuku anayeatamia.
Maghorofa yamesogea hadi ukingoni mwa ua,
nguo za wapangaji zaning'inia sawa na msalaba,
na soksi moja, iliyoponyoka kambani,
imelala juu ya paa la sakristia.

Naanza na ukuta.
Mawe ya bluu, ya machimbo ya kule mtoni,
yalichongwa kwa patasi, si kwa msumeno.
Papasa: hili lina subira.
Hili lilichongwa na mtu mwenye njaa.
Na hili, kimo cha goti, lina samaki
asiye na jicho. Huenda fundi aliitwa uji.

Milango ni miwili. Wanaume kulia, wanawake kushoto,
ndivyo walivyoingia zamani.
Kizingiti cha kulia kimelika sentimita moja na nusu.
Cha kushoto, nne.
Hilo halina safu kwenye fomu.

Ndani, sakafu nyekundu inanuka nta.
Madirisha yamechongoka kama jani la nduma,
na kwenye la tatu Mtakatifu Ana hana uso:
jiwe la mtoto lilipita hapo,
wakapachika kioo kitupu.
Leo ana uso wa mama wa ghorofa ya nne
anayeanika mashuka, pini mbili mdomoni.

Ukuta wa kaskazini: mita kumi na nane, sentimita sitini.
Wa kusini: kumi na nane, thelathini na saba.
Narudia. Nakaza utepe.
Narudia tena, nikijilaumu.

Perpetua Nyaguthii, mfagiaji, anacheka hadi anaegemea benchi.
"Wacha kuutesa huo utepe.
Msingi aliupima Filipo katekista, kwa hatua,
mwaka ule wa nzige, padre akitetemeka kwa malaria.
Na Filipo alikuwa anachechemea.
Kufika upande huu, mguu ulikuwa umechoka."

Na padre?

"Alipopona alikuta mama zetu wameshajaza mawe,
wameyabeba kwa mgongo kutoka mtoni.
Akashika kiuno. Akatazama.
Akaomba maji ya baraka."

Nainua macho. Kenchi tisa za mutarakwa,
na sasa naona: hakuna mbili zinazolingana.
Seremala alipokea kosa la mtu mwingine
akalikatia mbao, moja moja,
mpaka paa likakubali.

Simu inalia. Bwana Gathogo wa kamati:
Umemaliza? Ramani ya jipya iko tayari,
viti elfu mbili, maegesho, vioo toka chini hadi juu.
Nami siwezi kumwita adui.
Pasaka watu husimama nje hadi kwenye kibanda cha makaa,
mvua ikinyesha hudondokea Kitabu cha Masomo,
na mnara una ufa unaoingiza vidole vitatu.
Nimeuandika ufa. Nimeviandika vidole.

Jioni nachora. Rula inataka kunyoosha,
kona inaomba iwe kona.
Naiweka rula kando.
Nachora kwa mkono, na mkono, ukifika kusini, unapunguza mwendo.
Kwenye safu ya saba naandika: tazama vizingiti.
Nafuta. Naandika: shibiri moja.
Sijui watanielewa. Gathogo ataniuliza ni shilingi ngapi.

Nyaguthii amekwisha kufunga madirisha.
Anainua ufagio wake mrefu hadi kwenye paa la sakristia,
anaiangusha ile soksi, anaipangusa vumbi,
anaitundika kwenye komeo la mlango wa kushoto,
mwenyewe akipita aione.