Bei ya Kufunga Difu

Kizota, gereji ya Ndahani, saa nne asubuhi.
Landikruza yangu iko juu ya jeki mbili,
kijana wake ameingiza gia ya kwanza,
na Ndahani amekandamiza gogo kwenye tairi ya kushoto.
Ya kushoto ikatulia.
Ya kulia ikazunguka peke yake, nyepesi, kama inacheka.
"Umeona, Sechelela? Nguvu yote inamfuata anayeteleza.
Aliyekanyaga pakavu hapati kitu."

Nikaukumbuka mto Bubu, mwezi wa pili,
magunia kumi na nane ya ufuta mgongoni,
tairi moja ikijichimbia kaburi kwenye tope,
mwenzake juu ya changarawe, kavu, imara,
imesimama kama mgeni kwenye msiba wa watu.
Siku mbili nililala mle ndani.
Mwenye trekta alitaka laki mbili na nusu,
na ufuta ukaanza kuota ndani ya magunia.

Sasa nachagua.
Kuna loki ya upepo: kompresa yake, bomba jembamba,
swichi yenye taa kama jicho la mjusi.
Mpya, haijatoka kwenye boksi.
Bei yake Ndahani aliiandika kwa kidole
kwenye vumbi la boneti,
akaifuta upesi, kama mtu aliyeandika tusi.

Kuna ile inayojifunga yenyewe,
nusu ya bei, haina waya wala swichi,
ila kwenye kona italia ta! ta! ta!
na kwenye lami ya Kibaigwa itakuvuta pembeni
bila kukuuliza.
Sitaki chuma kinachoniamulia.

"Basi tuchomelee," akasema kijana. "Elfu tisini,
jioni unaondoka nayo."
Meno yote ya difu kitu kimoja mpaka kiyama,
ndoa isiyo na talaka.
Ndahani akamtazama hadi akainama.
"Huyu anarudi mjini kila Ijumaa.
Kona tatu za lami kavu, ekseli inakatika kama muwa.
Halafu utamvuta wewe?"

Sikuwaambia nilichokuwa nawaza.
Mama naye alikuwa difu isiyo na loki.
Kaka yangu Mhembano alipoteleza
(kamari, pikipiki ya mkopo, ile kesi ya Mpwapwa)
ng'ombe wakauzwa, wakamfuata.
Shamba la zabibu la Hombolo likamfuata.
Ada yangu ya mwaka wa pili ikamfuata,
naye akazidi kuzunguka pale pale,
akiturushia tope.
"Wewe si umesimama, mwanangu," Mama alisema.
Nilikuwa nimesimama kweli.
Sikuwa nakwenda popote.

Nyuma ya mabati palikuwa na difu ya gari la misheni
lililopinduka Kondoa: loki ya kiwandani,
ya kuvuta kwa waya. Laki nane na sabini.
Ndahani akachovya vidole kwenye oili yake nzito,
akavisugua juani, akitafuta chembe za chuma.
Hakuna. Jino moja lina kovu, sili inavuja.
"Hii nitaweza kukutazama usoni nikikufungia.
Uivute kabla ya tope, si baada ya kuzama.
Na ukifika pagumu, iachie.
Watu wengi wanajua kufunga, kuachia ndiyo kazi."

Siku ya tatu tukarudia jeki, gia na gogo.
Nikavuta kishikio chini ya usukani.
Kitu kikaingia mahali pake, kwa sauti ya kitasa.
Tairi zote mbili zikaanza kwa pamoja,
injini ikaguna, gogo likaruka
mpaka kwenye ndoo ya maji ya kijana.

Simu ikalia. Mhembano.
Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kishikio,
nami sijajua kama navuta au naachia.

Ndahani anasema bado namdai,
kisha anajisahihisha: yeye ndiye ananidai mimi,
elfu ishirini na mbili, ya oili na sili.