Siye Huyu

Daktari Sarantuya alimpaka jeli ya baridi
Delgermaa tumboni, wiki ya ishirini na tatu,
nami nikaficha viganja mifukoni:
nauza makaa ya mawe, weusi wake hautoki kwa sabuni.

Kiooni, mbavu nyembamba kama meno ya kitana.
Moyo umesukumwa kando,
mgeni aliyechelewa hemani
akakuta nafasi iliyobaki ni ya mlangoni.

Pafu la kushoto lina vilengelenge.
Vitatu vikubwa. Alivipima kimoja kimoja,
akabonyeza, akaandika, akanyamaza.

Nikauliza: ni moshi?
Ulaanbaatar nzima inakohoa, na magunia nayabeba mimi.
"Hapana. Vimeota vyenyewe.
Huyu bado havuti hewa, mapafu yake yamejaa maji."
Alisema mara mbili.
Nami bado nanawa mikono.

Usiku ule sikuwasha jiko
mpaka Delgermaa akaanza kutetemeka.
Mama hakuuliza habari za picha. Alimimina chai ya chumvi,
akasema, mwiteni Enebish, yaani Siye Huyu,
balaa likipiga hodi lidhani limekosea nyumba.

Wiki ya thelathini na moja tukarudi.
Vilengelenge vimenywea. Moyo umesogea,
si katikati hasa,
ila umesogea.
"Azaliwe hapahapa, karibu na mashine. Kisu kitasubiri."

Kisha akauliza, kalamu mkononi,
kama mtoto tumeshampa jina.
Delgermaa akanitazama.
Nikalitaja.
Akaandika.