Kisanduku cha Nne

Daftarini ni mia nne na kumi na mbili.
Zizini, alfajiri, Koisenge amehesabu mara mbili
kwa ncha ya fimbo, midomo haichezi:
mia nne na kumi na moja.

Mtamba wa boran, hereni namba 0388.
Tumemkuta chini ya lambo, upande wa hifadhi,
ubavu umeachwa wazi kama kabati.
Nyayo zinajieleza.

Fomu ya makao makuu ina visanduku vitatu:
ugonjwa, wizi, ajali.
Simba hana kisanduku.

Semkuya wa uhasibu anashauri tuandike ajali.
Nampigia afisa wanyamapori, anacheka:
"Twiga wetu wanakunywa lambo lenu mwaka wa tatu,
mmewahi kutuletea ankara?"
Kweli. Lambo la umma, nyasi za umma,
ng'ombe wa umma, simba wa umma;
mali ya wote imekula mali ya wote
na mimi, mwajiriwa wa wote, nitie saini.

Vuli imenyesha Muheza, Handeni imetupungia mkono tu.
Kesho nafunga malisho ya kaskazini, ardhi ipumue.
Maksai thelathini wangeuzwa kabla mbavu hazijahesabika,
lakini kibali kiko Dodoma tangu Juni,
kinatafuta mhuri.

Jioni Koisenge analeta ile hereni ya njano,
ameisuuza. Naiweka juu ya fomu isipeperuke.
Nachukua rula, nachora kisanduku cha nne,
kimepinda kidogo. Natia vema.

"Bosi," anasema mlangoni, "tuhesabu tena.
Kuna ndama wa adhuhuri,
bado hana namba."