Damu Yangu Imekwenda Toronto

Leo damu yangu imepanda ndege.
Vichupa vinne, vimelala kwenye barafu,
ubavuni nambari, si jina.
Mimi nimebaki hapa Yorkton
napapasa mifuko ya koti, natafuta ufunguo wa gari.

Miaka mitatu nyuma ilikuwa kinyume.
Dawa ilikaa Toronto kama mwali ndani,
mgonjwa ndiye aliyefunga safari ya posa.
Jirani yangu Wasyl alikwenda mara mbili.
Ya kwanza aliuza ng'ombe sita.
Ya pili aliuza trekta.
Ya tatu theluji ilifunga barabara,
naye hakuwa na cha kuuza tena ila subira,
na subira, hata ivute heri,
haikati tiketi.

Sasa hospitali za nchi zimekubaliana.
Sijui walikaa vikao vingapi,
chai ngapi zilipoa,
nani alitangulia kusema: fomu yako na yangu ziwe moja.
Ninachojua, muuguzi Rhoda Keshane ana kabati lenye kufuli,
na ndani yake vidonge vilevile vya Toronto,
dakika arobaini kutoka mlangoni kwangu.

Alinisomea ridhaa, kurasa ishirini na mbili.
Hakuruka kichefuchefu. Hakuruka figo.
"Kompyuta ndiyo itakayochagua,
dawa mpya, au ile ya siku zote.
Na ukitaka kujitoa, jitoe, hata kesho."
Nikamuuliza: itaniponya?
Akaweka kalamu chini.
"Hatujui, Orest. Ndiyo maana tunauliza."

Nimeishi na wajuao kila kitu:
watu wa benki, watu wa mbegu, watu wa mbolea.
Hakuna aliyewahi kunikabidhi kutojua kwake
kwa mikono miwili, kama yai.
Nikatia sahihi.

Usiku huu kuna mtu mwenye glavu
anaifungua damu yangu chini ya taa,
bega kwa bega na ya mwalimu wa Halifax,
na ya mama fulani kutoka kaskazini kusikopita barabara.
Hatutajuana.
Tumepangwa kichanja kimoja, basi.

Daria ameuliza kama nimechoka na safari.
Nimemwambia iliyosafiri ni damu;
mimi nililisha kuku.

Kesho nitapita kwa mjane wa Wasyl.
Sijui nitamwambia nini.
Pengine nitamtengenezea ua tu,
ule upande ulioinama.