Jiwe la Mizani

Duka la Bi Zuweina, Miyomboni, Iringa.
Asubuhi ya Juni, ukungu umekalia mabati.
Nimevaa makoti mawili, napima vitunguu.
Yeye yuko kwenye simu na kaka yake Seif,
Kiarabu cha kwao Ibra,
na mimi, Mhongole, miaka tisa nyuma ya mizani hii,
maneno siyaelewi,
ila nasikia yanapokaa mazito.

Kiswahili chetu hakipimi.
Kimeshaamua: mzigo abebe wa pili kutoka mwisho,
awe mnene, awe kijiti, haulizwi.
(Labda siku upite barabara
na uitazame barabara,
hapo ulimi utakukwaa.)

Bi Zuweina anapima.
Kila neno analitia kwenye sahani,
silabi nzito ndiyo inayoshuka.
Kitaab: jiwe limekaa mwisho, TAAB.
Sisi tukabandika u mkiani
na jiwe halikusogea hata unywele.
Safar: jiwe liko mlangoni, SA.
Sisi tukaleta i, tukalisukuma ndani,
ndiyo maana nikisema safari
ananicheka: “Nyie njia mnaianzia katikati.”

Jina langu nalo kalipima.
Mama, kule Kalenga, hulipandisha na kulishusha
kama mtu anayefuata kijia cha mlimani.
Bi Zuweina ananiita MHOngole,
kishindo kizingitini, halafu kandambili taratibu.
Ninaitika.
Siku hizi nikiitwa vizuri nachelewa kugeuka.

Ijumaa ile simu haikuwa ya Seif.
Sauti ya kijana. Alisikiliza, alisikiliza,
kidole kikifuata ufa wa kaunta.
Kisha akarudia neno alilopewa:
Maat.
Silabi moja.
Haina mbele, haina nyuma,
hakuna pa kulisukumia jiwe.

Mama mmoja alikuwa anasubiri nusu kilo.
Akanong'ona: “Kuna nini huko?”
Nikajibu kabla sijafikiri,
jiwe nikaliweka mwanzo, anapoliweka yeye:
“HAbari mbaya.”

Bi Zuweina akainua macho.
Hakunicheka. Hakunisahihisha.
Aliizima redio, akakaa juu ya gunia la mchele
na viatu vyake akavivua, sijui kwa nini, kwenye sakafu ya baridi ile.

Nikamalizia kupima.
Nilizidisha vitunguu viwili.
Mama yule aliviona, akafunga mfuko.