Hamsini kwa Siku

Barua ya chuo nimeificha kwenye droo ya mihuri,
chini ya pedi ya wino wa zambarau.
Kila nikigonga tarehe kwenye kitabu cha mtoto
droo inatikisika, inanikumbusha:
milioni tano na laki sita, mwaka wa kwanza.
Chumba hakimo. Chakula hakimo.
Utafiti una mstari wake peke yake, kama mgeni wa heshima.

Newala, mwezi wa saba. Ukungu unapanda kutoka bondeni,
unaingia maktaba bila kadi ya uanachama.
Salfa ya mikorosho imetua juu ya meza,
juu ya rafu ya Historia ninayoifuta asubuhi
na jioni ni ya njano tena.

Mjomba Nampoto aliisoma barua, akaishia katikati.
"Uzamili wa kupanga vitabu?
Kwani kupanga nako kunasomewa?
Mama yako kapanga vyungu tangu namjua
na hajadaiwa ada."
Tukacheka. Mimi nilichelewa kuanza, nikawahi kunyamaza.

Ningemwambia nini? Kwamba juzi alikuja binti wa kidato cha pili
akitaka kujua kwa nini mdogo wake analia mifupa usiku,
na kitabu kipo, nakijua jalada lake, la kijani,
nikakitafuta saa nzima nisikione,
kwa kuwa aliyenitangulia alipanga kwa kimo,
vifupi kwa vifupi, virefu kwa virefu,
kama watoto mstarini?
Binti aliniaga vizuri.
Hilo ndilo lililoniuma.

Usiku napiga hesabu nyuma ya fomu zilizoharibika.
Mshahara, toa kodi, toa maji ya ndoo,
toa mchango wa harusi nisiyoiahidi ila jina langu limo.
Kikoba kitanipa laki nane, nikisubiri zamu.
Kausha damu watanipa zote leo
na mwezi ujao watakuja kubeba kitanda.
Mama anasema tuweke rehani mikorosho ishirini ya marehemu,
anasema kwa sauti ya mtu anayeazima chumvi.
Nimeiona miti ya rehani. Hurudi kwa mwenyewe imezeeka.
Tena chuo kinafunguliwa Oktoba;
korosho hailipwi mpaka mnada useme,
na mnada hauna haraka na mtu.

Nikafungua hata daftari la wadaiwa wa maktaba.
Faini, shilingi hamsini kwa siku.
Diwani wa zamani, viwili. Fundi redio, kimoja, cha nyuki.
Wote wakilipa, ni muhula mzima na nauli juu.
Pesa si yangu, najua. Ilikuwa hesabu ya kubembeleza usingizi.

Jana akaja mjane wa Mwalimu Hokororo,
kamusi kaifunga kwenye kanga,
mgongo umeshonwa kwa uzi wa magunia.
"Aliniachia orodha ya madeni. Hili la mwisho."
Tarehe ya kurudisha: 12 Machi 2011.
Nikahesabu, maana ndiyo kazi:
siku elfu nne mia nane sabini na moja.
Laki mbili, arobaini na tatu elfu, mia tano hamsini.
Alikuwa ameshafungua fundo la kanga.
Ndani, elfu kumi na mbili.

Nikagonga: IMERUDISHWA.
Faini, nikaandika: hakuna.
"Basi?"
"Basi, mama."
Hakuondoka. "Sasa itakaa wapi?"
Nikaenda naye mpaka kwenye rafu. Pengo lake lilizibwa zamani.
Nikasukuma vitabu, kimoja kimoja,
mpaka kamusi ikapata pa kuegemea.

Leo nimeitoa barua.
Mwisho wa kuthibitisha nafasi: thelathini Agosti.
Siku arobaini na nane.
Nimeiandika namba pembeni, kwa penseli,
kama tunavyoandika kwenye vitabu
ambavyo bado havijapewa mahali.