Kampuni Haina Mjomba

Asubuhi ya Januari, Dakota, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Kioo cha dirisha langu la masijala kimeota barafu,
kalamu ya wateja iko kwenye mnyororo wake.
Akaingia wakili, viatu vyake havijawahi kukanyaga samadi.

Aliweka hati mezani: ekari elfu moja mia mbili na themanini,
shamba la marehemu Orville Tostenrud.
Mnunuzi: kampuni yenye jina la ndege
na sanduku la posta katika mji wenye bahari.

Nikafungua sheria. Ni ya babu zetu, ya miaka ya vumbi,
benki zilipobeba mashamba hadi mbwa wakakosa pa kubwekea.
Haiulizi una fedha kiasi gani.
Inauliza: wenye hisa ni nani kwa nani?
Baba na mwana? Shangazi na mpwa? Binamu?

"Nani mjomba wa nani hapa?" nikamuuliza.
Akacheka, akidhani ni utani.
Akataja mfuko wa pensheni. Akataja kampuni tanzu,
akataja kampuni mama.
Nikamwambia, hapa mama ni yule aliyezaa.

Kampuni haina mjomba.
Haifi, basi hairithiwi.
Haiumwi magoti, haiogopi mvua ya mawe ya Julai,
haileti bakuli la viazi msibani.
Nikagonga muhuri, IMEKATALIWA,
kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Furaha yangu haikufika jioni.

Saa nane waliingia Verdell Haugstad na Lavonne Schirado,
theluji ikiwadondoka mabegani.
Miaka thelathini na mmoja wamelima pamoja:
trekta moja, ghala moja la ngano, deni moja.
Lavonne mjane, Verdell hakuwahi kuoa,
watoto hakuna.
Walitaka kampuni ndogo, ya watu wawili tu,
mmoja akitangulia, mwingine asifukuzwe.

Nikauliza swali lile lile, safari hii kwa sauti ya chini.
Hakuna mjomba. Hakuna binamu.
Damu nzito kuliko maji, ndivyo sheria ijuavyo;
lakini mwaka ule mto ulipovunja kingo
wawili hawa walijaza mifuko ya mchanga usiku kucha,
na maji, niliyaona kwa macho yangu, yalikuwa mazito.

"Kwa hiyo sisi na yule mwenye viatu," akasema Verdell,
"ni wamoja?"
Ua halina macho: likimzuia mwizi,
na jirani huzunguka.
Sikumwambia hivyo. Nilipanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

Lavonne alikuwa akisoma kibao nyuma yangu, orodha ya ada:
kusajili hati, nakala ya ramani,
leseni ya ndoa, dola sitini na tano.
"Na mke?" akauliza. "Mke ni ndugu?"
"Mke anahesabika."

Verdell aliitazama kofia yake muda mrefu,
kana kwamba jibu limeshonwa ndani.
"Ghali," akasema.
Lavonne akampiga kiwiko.

Wamevuka barabara kwenda kunywa kahawa.
Nafunga saa kumi na moja. Sasa ni na dakika ishirini,
na taa sijazima.